Faranga za 30 Juni Zinaishia Wapi?

   

Wasikilizaji wa Baraka, leo tuongee habari ya sherehe. Mwezi ni Juni, mwaka ni 2025, na ikifika tarehe 30 nchi yetu ya Kongo itatimiza miaka 65 ya uhuru. Nina swali moja tu jioni ya leo, na nitalirudia mpaka mnichoke. Faranga za sherehe zinatoka kwa nani, na sherehe ikishapita, kinabaki nini? Nasema tena kwa aliyeingia sasa hivi: zinatoka kwa nani, na kinabaki nini?

Najua kuna mzee mmoja mahali fulani anatikisa kichwa. Anasema, "Mwanangu, mwaka huu nani ana moyo wa sherehe?" Ana haki. Bukavu iko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Februari. Serikali ya jimbo imehamia Uvira. Na hapa kwetu nyumba nyingi zina wageni waliokuja na godoro moja na sufuria. Lakini mzee wangu, ndiyo maana nataka tuongee sasa. Siku ambayo fanfari inapigwa hakuna anayemsikia mwenzake.

Tuanze na jinsi 30 Juni inavyoingia hapa Baraka, teritware ya Fizi. Haiingii kwa ndege. Inaingia kwa mtoto anayerudi kutoka masomo, anatupa daftari kitandani na kusema, "Mama, mwalimu amesema tutapita defile." Basi, kazi imeanza. Mama anatoa lile shati jeupe, analitazama kola, kola imekuwa njano. Analiloweka katika beseni usiku kucha, asubuhi anachukua kipande cha sabuni ya mche na kusugua mpaka vidole vinachubuka. Sketi ya buluu imekuwa fupi, kwa sababu mtoto amekua na sketi haikukua, kwa hiyo inapelekwa kwa fundi cherehani afungue upindo. Fundi naye wiki hiyo ana kazi mpaka taa inazimika. Soksi nyeupe zinaazimwa kwa jirani, na jirani anasema, "Nirudishie, nami nina wangu mwaka kesho."

Siku yenyewe watoto wanapangwa juani mapema asubuhi, wakubwa wanafika jua likishapanda. Wamama wa vyama wanapita na vikwembe vya sare walivyovinunua wenyewe. Wamotari wanapita wakipiga honi, na esansi wametia wenyewe. Wavuvi wanapita, wauguzi wanapita, walimu ambao mishahara yao mnaijua wanapita na kuinua mikono mbele ya jukwaa. Kisha watu wanarudi nyumbani. Aliyejaliwa anachinja kuku, mwingine anakula bugali na ndagala kama jana.

Sasa tuulize swali letu. Katika hayo yote, serikali ilitoa nini? Ilitoa tarehe. Ilitoa tarehe na hotuba, na pengine turubai la jukwaa. Mengine yote yalitoka mfukoni mwa mama yule mwenye beseni.

Msinielewe vibaya. Mimi napenda defile. Mnisamehe, lakini mtu anayesema watoto kupita kwa mstari ni upuuzi, hajamwona mtoto wake akipita. Ninachosema ni kwamba sherehe ya taifa zima, kwa sehemu kubwa ya taifa hilo, hulipiwa na wale wanaoalikwa kupiga makofi.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 2010. Nani anaukumbuka? Nchi ilikuwa inatimiza miaka 50, ile tuliyoizoea kuiita Cinquantenaire. Kinshasa iliundwa ofisi maalumu ya kuandaa jambo hilo. Boulevard du 30 Juin ilipanuliwa na kuwekwa lami mpya, na miti ya zamani ya kando yake ikakatwa. Siku ilipofika, Mfalme Albert wa Pili wa Ubelgiji alikuwapo, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Ban Ki-moon alikuwapo, marais wa nchi jirani walikuwapo, na askari na vifaru vikapita Boulevard Triomphal. Sisi huku tulisikia redioni. Ilikuwa kubwa, hilo hakuna anayebisha.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana siku tatu zile zinasema mengi kuliko hotuba zote.

Tarehe 30 Juni, defile kubwa Kinshasa. Kesho yake, tarehe 1 Julai, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wakakubali nchi yetu isamehewe deni. Deni kiasi gani? Zaidi ya dola bilioni 12. Sirudii tarakimu, inatosha mjue kwamba ilikuwa mojawapo ya misamaha mikubwa iliyowahi kutolewa kwa nchi ya Afrika. Taifa la miaka 50 likaamka asubuhi mzigo umepungua mgongoni.

Na tarehe 2 Julai? Wa Uvira wameshajua ninakokwenda. Tarehe 2 Julai ni Sange.

Jioni ile kamyo ya esansi iliyotoka upande wa Tanzania ilipinduka Sange, kwenye barabara namba 5, barabara ileile inayoshuka mpaka hapa kwetu. Esansi ikamwagika. Watu wakaja na vidumu, na bakuli, na chochote kinachoshika maji. Siku hiyo kulikuwa na mpira wa Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay, na Afrika nzima ilikuwa imeweka roho yake kwa Ghana. Katika nyumba za video vijana walijaa mpaka mlangoni. Moto ulipowaka haukumchagua aliyechota na aliyekuwa anatazama mpira. Zaidi ya watu 230 walikufa. Walizikwa katika makaburi ya pamoja, wengine bila mtu kujua huyu ni nani. Bendera iliyopandishwa juu tarehe 30 ikateremshwa nusu mlingoti kabla wiki haijaisha.

Kwa nini nawakumbusha Sange katika habari ya sherehe? Si kwa sababu sherehe ilileta moto. Hapana. Ni kwa sababu umbali kati ya defile na Sange ndio umbali ninaouzungumzia. Mji mkuu ulikuwa na barabara pana mpya ya kupokelea wageni. Jimbo letu lilikuwa na barabara moja nyembamba, na watu ambao kidumu cha esansi kilikuwa na thamani ya kuhatarisha uhai. Kama jubilee ya miaka 50 ingeuliza mapema, "Kila teritware ibakiwe na nini?", pengine mtu angejibu: barabara, zahanati yenye kitengo cha walioungua moto, gari la wagonjwa. Hakuna aliyeuliza Fizi. Hakuna aliyeuliza Sange.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukitaka kuona faranga za sherehe zinapolala, tazama mgeni anapolala. Mwaka 2010 mgeni alilala Kinshasa, Kinshasa ikapona kidogo. Baadaye serikali ilijaribu kuzungusha sherehe kuu: mwaka 2015 ilikuwa Matadi, mwaka 2016 ilikuwa Kindu, jirani zetu wa Maniema. Wazo zuri. Mji ukijua rais anakuja, mashimo yanafukiwa, taa zinawashwa, hata nyasi zinakatwa. Tatizo ni kwamba teritware ziko 145, na mgeni ni mmoja. Tukisubiri zamu ya Fizi, wajukuu wa wanaonisikia ndio watakaofagia barabara.

Wenzetu Kenya wameliendea jambo hili kwa namna yao. Sikukuu zao za taifa zinazunguka katika kaunti. Mwaka 2019 Mashujaa ilifanyika Mombasa, na bustani ya Mama Ngina kando ya bahari ikajengwa upya kwa ajili hiyo. Mwaka 2021 Madaraka ilikuwa Kisumu, wakapata uwanja mpya wa Mamboleo. Na mapema mwezi huu wa Juni, tarehe 1, Madaraka ilifanyika Homa Bay. Homa Bay ni nini? Ni mji wa ziwa kama Baraka. Uwanja wao umejengwa upya, na mada ya mwaka waliyoichagua ni uchumi wa maji: samaki, vyombo, usafiri. Wavuvi wa Mwemezi na Kalundja, mnasikia? Taifa zima lilikaa siku nzima likizungumza habari za mvuvi, katika mji wa mvuvi.

Wakenya wenyewe hawakosi la kusema, maana kazi za sherehe hufanywa mbiombio, na kitu cha mbiombio mara nyingi kinabomoka mbiombio. Lakini kipo kitu. Unaweza kwenda kukitazama na kukilaumu.

Na Watanzania, ambao wengi wetu tulikula chumvi yao miaka ya ukimbizi, Nyarugusu na Lugufu, wao walichukua njia nyingine. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za 9 Desemba, akaamuru watu wafanye usafi, sisi tungesema salongo, na shilingi bilioni 4 za sherehe zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco pale Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia naye akafuta, na shilingi milioni 960 zikapelekwa kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu katika shule nane za msingi.

Hapo kuna jambo nataka mlishike. Si kufuta sherehe. Kufuta ni rahisi, na binafsi sifurahii sana nchi inayofuta sikukuu yake kila mara, kwa sababu watu pia wanahitaji siku ya kukutana, kucheza na kuonyeshana watoto. Jambo la kushika ni kwamba kiasi kilitajwa, na kitu kilitajwa. Shilingi hizi, mabweni haya, shule nane. Mzazi wa mojawapo ya shule hizo anaweza kwenda na kuuliza: bweni liko wapi? Nimesema nini? Kiasi kilitajwa, na kitu kilitajwa.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2020 nchi yetu ilitimiza miaka 60. Ilikuwa iwe kubwa. Ikaja Covid-19, na Rais Tshisekedi akasema hakuna sherehe. Siku ipite kwa tafakuri, na faranga zilizotengwa ziende kwa wanaopambana na ugonjwa na kwa wanajeshi walio mstari wa mbele. Uamuzi mzuri kabisa. Nilipiga makofi mimi. Lakini sasa tuulizane kwa upole: wewe unayenisikia, muuguzi wa hospitali ya Baraka au ya Nundu, ulisomewa mahali popote kwamba faranga hizi za miaka 60 zimefika Fizi, kiasi hiki, zimenunua kitu hiki? Wewe mke wa askari wa milima ya Minembwe, ulisomewa?

Kumbukeni mwaka huo ulivyoishia kwetu. Mwezi Desemba 2020 Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walitangaza kwamba wanafunga sehemu kubwa ya kazi zao katika teritware ya Fizi, kwa sababu ya mashambulizi dhidi ya wafanyakazi wao. Walikuwa wamekaa nasi miaka mingi. Wamama wengi wa Baraka walizaa mikononi mwao, na kipindupindu kilipokuja ndio waliosimamisha mahema. Kwa hiyo mwaka uleule ambao Kinshasa ilisema faranga za sherehe ni za afya, hospitali zetu zilimpoteza msaidizi wao mkubwa. Faranga zile zingekuja Desemba ile, zingekuta kazi inazisubiri mlangoni.

Hata harusi ya kartie ina mhasibu. Harusi ikiisha, wanakamati wanakaa, wanasoma daftari: mchango uliingia huu, mbuzi walikula hizi, bia hizi, kilichobaki wapewe maarusi. Ukikwepa kusoma daftari, mwaka kesho ukija na bahasha ya mchango, watu wanajifanya hawapo nyumbani. Taifa la miaka 65 lisiwe na aibu kidogo kuliko kamati ya harusi.

Wapo watakaosema, "Lakini serikali ina programu ya teritware 145, inajenga shule na vituo vya afya na ofisi, hiyo si sherehe?" Ni programu nzuri kwa jina na kwa nia, na Fizi imo katika hizo 145. Lakini hiyo ni haki ya kila siku. Zawadi ya siku ya kuzaliwa haihesabiwi katika chakula cha mtoto. Na tukigusa haki, Katiba ya 2006 ilisema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa jimboni yabaki jimboni. Yabaki, si yaende Kinshasa halafu yaombwe kurudi. Mnajua kinachofanyika: yanakwenda yote, kisha yanarudi kidogo, yakichelewa, au hayarudi. Basi jimbo lisilopata sehemu yake ya kawaida, litatoa wapi faranga za kufanya sikukuu kwa watu wake? Ndiyo maana inarudi kwa mama na beseni.

Sasa niguse upande wa pili wa sherehe, na huu ndio unaoniuma zaidi. Sherehe ya taifa si faranga tu, ni kumbukumbu pia. Nani anakumbukwa, na wapi?

Mwezi Juni 2022 jino la Patrice Lumumba lilirudishwa kutoka Ubelgiji. Jeneza likazungushwa: Sankuru alikozaliwa, Kisangani, Shilatembo alikouawa, kisha Kinshasa, na tarehe 30 Juni likawekwa Limete, chini ya ule mnara mrefu wa Échangeur. Mnara huo Mobutu aliuanza zamani sana, ukakaa miaka na miaka bila kumalizika, watu wa Kinshasa wakazaliwa na kuzeeka wakiutazama. Hatimaye umepata kazi. Mimi nililia siku ile, sioni haya kusema.

Lakini ramani ya safari ile haikufika ziwani kwetu. Na sisi je, hatukuwa na Lumumba wetu? Mwaka 1964 waasi wa Soumialot waliingia Uvira na Fizi kwa jina la Lumumba. Wazee wanaita vita ya Mulele. Mwezi Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akashukia Kibamba, pwani ya teritware hii hii, akakaa mpaka Novemba, akaondoka amekata tamaa. Laurent-Désiré Kabila akabaki. Mwaka 1967 akaanzisha chama chake cha PRP, na makao yake yakawa Hewa Bora, katika milima ya Fizi. Wababu na wabibi zenu walimlisha. Walimficha. Wengine walilipa kwa uhai kwa kumficha. Miaka 30 baadaye, tarehe 17 Mei 1997, wanajeshi wake wakaingia Kinshasa, na leo 17 Mei ni sikukuu ya taifa. Mwezi uliopita tuliipumzikia. Kinshasa kuna kaburi lake la heshima, mbele ya Palais de la Nation. Hewa Bora kuna nini? Kibamba kuna nini? Hata ubao mmoja wa mbao wenye maneno mawili ungemfanya mtoto wa masomo ajue kwamba historia hii ilipita kwenye shamba la bibi yake.

Najua kumbukumbu hizo si tamu kwa kila mtu. Maquis, yaani vita ile ya msituni, ilikuwa na upande wake mchungu, na wapo wazee Fizi ambao ukitaja jina la Kabila wanatema mate. Haidhuru. Kumbukumbu si lazima iwe sifa. Inatosha iwe ya kweli.

Na kuna Makobola. Nitasema pole pole. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na tarehe 2 Januari 1999, katika vijiji vya Makobola, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi, watu zaidi ya 800 waliuawa. Si mimi niliyehesabu, ni ripoti ya Umoja wa Mataifa, ile wanayoiita Mapping. Na ripoti hiyo ilitoka lini? Oktoba 2010. Mwaka wa jubilee. Turubai za Cinquantenaire zilikuwa zimeshakunjwa.

Tangu 2023 taifa lina siku rasmi ya kuwakumbuka waliokufa katika vita hizi, tarehe 2 Agosti, wanaiita Genocost. Nyuma yake kuna mfuko wa FONAREV, uliowekwa na sheria ya Desemba 2022, wa kuwalipa fidia na kuwahudumia wahanga, na umepewa asilimia 11 ya mrabaha wa migodi. Hapo tunazungumza faranga za kweli, wandugu, si za turubai. Hizi si michango ya vikwembe. Na Fizi ina wahanga, tena wengi mno. Mfuko huu unaposhughulikia tarehe 2 Agosti, wajane wa Makobola wanapaswa kuwa mstari wa kwanza, na kwao Makobola kwenyewe, si kualikwa wawili kupanda ndege kwenda kukaa kwenye viti vya plastiki Kinshasa, wapigwe picha, warudi.

Kwa hiyo nini kifanyike? Nitasema ninavyoona mimi, na simu zikifunguliwa mnipinge.

Kwanza tuache kuuliza kama kutakuwa na sherehe au hakuna. Hilo watu wa Kinshasa wataamua, na mara nyingi miaka hii wamesema tafakuri. Swali letu ni lile lile. Kama kuna sherehe, faranga zitajwe, na sehemu ya Fizi itajwe. Kama hakuna sherehe, vilevile: faranga ambazo zingetumika zitajwe, na zilikoelekezwa kutajwe. Tafakuri nayo ina bajeti yake, maana kitu kisichotumika kimekwenda mahali.

Kisha, kabla ya mairi na ofisi ya teritware kuita kamati ya maandalizi, na mnajua huitwa siku chache kabla, ikiwa na wakuu wa masomo, wakuu wa vyama, wachungaji, mapadre na masheikh, mtu mmoja ainuke aseme: "Mwaka huu tuchague kitu kimoja kitakachobaki." Kimoja tu. Inaweza kuwa kisima karibu na soko. Inaweza kuwa madawati, maana kuna darasa hapa hapa mjini ambapo watoto wanaandikia kwenye magoti. Inaweza kuwa ubao wa Kibamba. Kiandikwe mwaka: 2025, miaka 65. Na mtoto aliyepita defile akiwa na soksi za kuazima, akiwa na miaka 30 atapita pale na kusema, hiki ni cha mwaka niliopita mbele ya jukwaa.

Na daftari lisomwe. Lisomwe hapa hapa redioni, wiki mbili baada ya tarehe 30. Sisi tutatoa nafasi bure. Afande, bwana meya, bwana administrateta, kipaza sauti kipo, na viti tutavifuta vumbi. Mkija tutawapa chai. Msipokuja, nitasema hewani kwamba nafasi ilikuwepo na kiti kilikaa kitupu, bila kumtukana mtu.

Haya, mtayarishaji ananionyesha saa. Simu tunafungua baada ya matangazo ya vifo. Nataka nisikie kwanza wa Makobola na wa Sebele, kisha wa mjini, maana wa mjini huwa mnapiga haraka mnawafungia wenzenu mlango. Tafadhali usianze kwa kunisifu, tuna dakika chache. Anza moja kwa moja: katika 30 Juni ulizoziona maishani mwako, kipi kilichobaki kijijini kwako ambacho unaweza kukigusa kwa mkono? Kama kipo, kitaje na useme kiko wapi. Kama hakipo, sema pia.